Mafuta ya Buha na Ngozi Zetu



Sisi watu wa mwambao tukisikia Kigoma, jambo la kwanza linalotujia ni reli. Reli ya kati ilifika huko mwaka 1914, na tangu hapo Kigoma imekuwa "mwisho wa reli", kana kwamba baada ya stesheni ile hakuna tena nchi wala watu. Wazee wetu waliotangulia walijua zaidi yetu. Kwao njia ya Bagamoyo ilimalizikia Ujiji, mji wenye misikiti, wenye Kiswahili, wenye majamaa. Mwinyi Heri, mtu aliyetoka pwani yetu hii, ndiye aliyekuwa mkubwa wa mji ule, na mwaka 1881 Sayyid Barghash akamfanya mwakilishi wake.

Lakini hata hao wazee, wengi wao waliishia Ujiji. Ukilipa ziwa mgongo na kupanda kuelekea mashariki na kaskazini unaingia nchi ya vilima, nayo ndiyo Buha, nchi ya Waha. Kasulu imo humo, katika iliyokuwa milki ya Heru. Na mbele yake zaidi ni Kibondo, nchi ya Muhambwe, na Buyungu kule Kakonko. Misafara haikuipenda sana njia ile, kwa kuwa Waha walikuwa mabingwa wa kutoza hongo. Stanley alipokuwa akimtafuta Livingstone mwaka 1871 walimtoza mara nyingi, mpaka mwishowe akaamua kupita usiku na watu wake, kimya kimya, wasije wakamaliza mzigo wote aliobaki nao.

Waha wenyewe tulikuja kuwajua baadaye, na kwa njia isiyo ya heshima. Katika zama za Waingereza waliletwa kwa maelfu kuja kukata mkonge Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba. Kijana wa Kasulu alishuka kwenye gari moshi na blanketi lake na kibuyu chake, na mtoto wa mjini akamcheka lafudhi yake, na pengine harufu ya mafuta aliyojipaka. Ni hayo mafuta ninayotaka tuyazungumze leo, pamoja na dawa nyingine za ngozi za nchi ile na za kwetu, kwa kuwa elimu ya siku hizi imeyachunguza mengi katika hayo, na kwa kuwa tulichokipokea badala yake kimewadhuru watu wetu.

Kwanza yafaa kuelewa kwa nini mtu wa Kasulu au Kibondo anayahitaji mafuta kuliko mtu wa Mombasa au Unguja. Kwetu hewa ina maji; ngozi hulowa kwa jasho asubuhi mpaka jioni. Kule juu, kiasi cha mita elfu na zaidi juu ya bahari, kiangazi huanza mwezi wa Juni na huendelea miezi mitatu au minne bila tone la mvua. Upepo ni mkavu, usiku una baridi. Midomo hupasuka, visigino hufanya magaga, mikono ya mkulima hukatika mistari, na katika mpasuko uchafu huingia na usaha hufuata. Mtoto hujikuna, na akijikuna hupata vidonda. Kwa hiyo mafuta kule hayakuwa urembo peke yake. Yalikuwa kinga.

Mafuta hayo yalikuwa namna mbili kubwa. Penye ng'ombe, hasa kwa watawala na wafugaji wa vilimani, watu walijipaka samli, kama walivyofanya ndugu zao wa Burundi na Rwanda. Na kutoka mabonde ya chini na kando ya ziwa yalikuja mafuta ya mchikichi. Burton na Speke walipofika ziwani mwezi wa Februari 1858 waliyakuta mawese yakiuzwa Ujiji kama bidhaa ya kawaida, na hapana shaka biashara hiyo ilikuwa ya zamani kuliko misafara yetu.

Msomaji wa pwani huenda hajui kwamba mchikichi mmoja hutoa mafuta mawili yasiyofanana hata kidogo. Tunda la mchikichi lina nyama ya nje na kokwa ya ndani. Ile nyama huchemshwa, hutwangwa, hukamuliwa, na hutoa mawese, mafuta mekundu ya kupikia. Kokwa haitupwi. Huanikwa ikauka, kisha akina mama hukaa chini na mawe mawili, wakazipasua moja moja. Kiini kilichomo ndani, ndicho kiitwacho mise, hukaangwa, kikatwangwa, kikachemshwa, mpaka mafuta yakaelea juu na kuenguliwa. Haya ndiyo mafuta ya mise. Yakikaangwa sana huwa meusi na yenye harufu kali ya moshi, na hiyo ndiyo harufu aliyoichekea mtoto wa mjini. Ni kazi ya kuchosha sana, na yataka kusemwa kwamba katika historia yote hiyo ya misafara na masultani, wenye kupasua mise kwa mawe hawakuandikwa majina yao popote.

Mawese ni mekundu kwa sababu yana karotini nyingi, kiasi cha miligramu 500 hadi 700 katika kilo moja, yaani ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Yana pia vitamini E. Anayeyala kwa kiasi huifaa ngozi yake kutoka ndani, kwani ukosefu wa vitamini A huikausha ngozi na kuyadhuru macho. Lakini kwa kujipaka, mise ndiyo yenye habari.

Wataalamu wa kemia walipoyapima mafuta ya mise waliona kwamba karibu nusu yake ni asidi moja ya mafuta iitwayo lauriki. Walipoyapima mafuta ya nazi waliona vivyo hivyo: karibu nusu yake ni lauriki. Mafuta mengine tuyajuayo, ya ufuta, ya karanga, ya pamba, ya alizeti, hayana hali hiyo. Basi mafuta aliyojipaka manamba wa Kasulu na mafuta aliyopakwa mtoto wa Mtang'ata na bibi yake ni ndugu wa tumbo moja. Mnazi na mchikichi zote ni jamii ya mitende, na Mola wetu aliyeweka mmoja ufukweni mwa bahari aliweka mwingine ufukweni mwa ziwa.

Na hiyo lauriki ina kazi. Mwaka 1972 mtaalamu wa Kimarekani, Jon Kabara, pamoja na wenzake, walitangaza matokeo ya kuzijaribu asidi nyingi za mafuta juu ya vijidudu, na lauriki ikatokea kuwa miongoni mwa zenye nguvu zaidi dhidi ya bakteria wa aina ile wanaokaa juu ya ngozi na kuleta usaha. Mwaka 2009 watafiti wengine walionyesha kwamba lauriki inawaua bakteria wanaohusika na chunusi. Baina ya miaka hiyo, mwaka 2004, madaktari wa Ufilipino waliwapa watu wenye ngozi kavu mafuta ya nazi, na wengine mafuta meupe ya madini ambayo hospitali huyatumia, wakaona mafuta ya nazi yanalainisha ngozi na kuzuia maji yake yasipotee sawasawa na yale ya hospitali. Hayo yalifanywa kwa nazi, si kwa mise, na ni lazima tuwe waaminifu katika kusema hivyo. Lakini asidi ni ile ile, na bibi wa Kasulu aliyempaka mjukuu wake mise juu ya mikwaruzo ya kiangazi alikuwa akifanya jambo ambalo maabara haikulikanusha.

Sasa tuje kwenye jambo linaloumiza.

Katika miaka ya 1960 na 1970, miji yetu ya Afrika Mashariki ilijaa vikopo vidogo vya mafuta ya kung'arisha uso. Viliuzwa sokoni, dukani, na kwa wachuuzi wa mlangoni. Msichana alikipata kikopo akakiacha kile kichupa cha nazi cha mama yake, akaona ndio ustaarabu. Ndani ya vingi vya vikopo hivyo mlikuwa na zebaki. Zebaki huizuia ngozi isifanye melanini, yaani rangi yake, na kwa hiyo uso huonekana mweupe kwa muda. Lakini ngozi si ukuta wa mawe. Zebaki hupenya, huingia katika damu, na damu huipeleka kwenye figo.

Mwaka huo huo wa 1972 madaktari wa Nairobi, Barr na wenzake, waliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza habari za wagonjwa 60 waliolazwa katika Hospitali ya Kenyatta kwa maradhi ya figo, yale ambayo mtu huvimba uso na miguu kwa sababu protini inavuja katika mkojo. Wagonjwa 32 kati ya hao 60, zaidi ya nusu, walikuwa wakitumia mafuta ya kung'arisha ngozi yenye zebaki. Baadhi yao walipoacha mafuta walipona. Wengine hawakupona. Yataka msomaji aifikirie hesabu hiyo taratibu. Hao hawakuugua kwa njaa wala kwa maji machafu. Waliugua kwa kujichukia rangi, au kwa kufundishwa kuichukia.

Baada ya zebaki ilikuja haidrokwinoni. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika ya Kusini, Findlay na wenzake, walieleza jinsi walivyoona wanawake waliotumia mafuta hayo kwa muda mrefu wakirudi na nyuso zenye mabaka meusi ya buluu, ngozi imekakamaa na kufanya vipele vidogo vidogo, na weusi huo hauondoki. Walitafuta weupe, wakapata weusi ambao hawakuzaliwa nao. Kwetu Tanzania ilitungwa Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi mwaka 2003, na vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vikapigwa marufuku. Na mataifa yalipokutana mwaka 2013 kuandika Mkataba wa Minamata walikubaliana kuiondoa zebaki katika vipodozi vya namna hiyo. Hata hivyo kila mwenye macho anayajua maduka ambamo vikopo bado vinapatikana chini ya meza.

Dini yetu haikunyamaza juu ya jambo hili. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 119, imetajwa ahadi ya Shetani ya kuwaamrisha watu wabadilishe maumbile ya Mwenyezi Mungu, na wanazuoni wengi wameitumia aya hiyo kuwa hoja juu ya kubadilisha rangi ya mwili. Lakini mtu asije akafahamu kwamba Uislamu umekataza kuipamba na kuitunza ngozi. Kinyume chake. Mtume (S.A.W.) aliyasifu mafuta ya zeituni kwa kuliwa na kwa kupakwa. Na iko hadithi moja katika Sunan Abu Daud, ingawa wako wanazuoni walioidhoofisha isnadi yake, ambayo yafaa kusimuliwa hapa kwa maana yake. Bibi Ummu Salama alikuwa katika eda ya mumewe wa kwanza, Abu Salama. Mtume alipoingia alimwona amejipaka shubiri. Alipomuuliza, alijibu kwamba ni shubiri tu, haina manukato. Mtume akamweleza kwamba shubiri huung'arisha uso, kwa hiyo aipake usiku na aiondoe mchana maadamu yumo edani, na akamwelekeza atumie majani ya mkunazi kuoshea kichwa.

Tazama yaliyomo katika kisa hicho kifupi. Shubiri, ambayo sisi tunaitaja tukitaka kusema kitu ni kichungu, ilikuwa dawa ya uso katika nyumba za Madina. Na mkunazi, ambao leo wengi wetu tunaukumbuka pale tu anapooshwa maiti, ulikuwa sabuni ya walio hai. Majani yake yana saponini, ambayo ndiyo hufanya povu. Mishubiri ya namna nyingi imejaa Afrika Mashariki, na katika Buha huota penye mawe bila kumwagiliwa na mtu.

Shubiri nayo ina mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ukilikata jani, kwanza hutoka utomvu wa manjano, mchungu, chini kidogo ya ngozi ya jani; huo ukinywewa huharisha vibaya, na mwenye mimba asiuguse. Ndani kabisa kuna ute mweupe usio na uchungu mkubwa, na huo ndio wa kupaka. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Marekani waliandika kwamba jani bichi la mshubiri lilimponya mgonjwa ambaye ngozi yake iliunguzwa na miale ya eksirei, na tangu siku hiyo majaribio juu ya vidonda vya moto yameendelea. Ule usiounguza sana hupona mapema zaidi ukipakwa ute huo. Moto uliokwenda ndani, au ulioshika sehemu kubwa ya mwili, si wa shubiri. Huo ni wa hospitali, na usiku huo huo.

Vilima vya Kasulu na Kibondo havikuishia kwenye mafuta. Kando ya mpaka, Warundi na Wanyarwanda, ambao lugha yao na Kiha ni karibu sana, hupanda karibu na nyumba mti mdogo wenye majani ya harufu, nao huuita umuravumba. Wataalamu wa mimea huuita Tetradenia riparia. Waganga waliutumia kwa kikohozi, kwa homa, kwa majipu, na kwa buba. Msomaji kijana huenda haijui buba. Ilikuwa maradhi ya vidonda vibaya vya ngozi, yaliyowashika watoto wa vijijini na kuwala mpaka mifupa, mpaka penisilini ilipoletwa katika miaka ya 1950 ikaifukuza karibu kabisa. Kabla ya penisilini watu waliutegemea mti kama huo. Watafiti waliokuwa Butare, Rwanda, wakiongozwa na Luc Van Puyvelde, waliuchambua, na mwaka 1986 wakatangaza kwamba wametoa ndani ya majani yake kitu kimoja kinachowazuia bakteria na kuvu kadhaa. Hawakusema kwamba umuravumba unashinda penisilini. Walisema kwamba waganga hawakuwa wakibahatisha.

Iko pia katika miombo ya Kibondo na sehemu nyingi za Afrika mti mfupi uitwao kwa jina la kitaalamu Psorospermum febrifugum. Ganda la mzizi wake husagwa likachanganywa na mafuta, likapakwa penye upele. Sioni haja ya kuzidisha maneno juu yake, isipokuwa kutaja kwamba hapa tena mafuta ndiyo chombo: dawa haikupakwa kavu. Mganga alijua kwamba kilicho ndani ya ganda hakiachii katika maji kama kinavyoachia katika mafuta, na mwenye maabara angemwambia vivyo hivyo.

Kisa kikubwa zaidi cha mambo haya hakikutokea kwetu, bali katika historia ya Waislamu, na ni haki msomaji akijue. Ibn al-Baytar alizaliwa Malaga, Andalusia, mwishoni mwa karne ya 12, akafa Damascus mwaka 1248. Alikuwa bingwa wa mimea wa zama zake, na alitembea nchi kwa nchi akiitafuta. Katika kitabu chake aliandika habari ya mmea ambao kabila moja la Waberberi waliutumia kutibu mbalanga, yale mabaka meupe ya ngozi, nao wakaifanya siri kwa muda mrefu. Mgonjwa alikula mbegu zake, kisha akakaa juani akilifunua baka lake kwa jua, mpaka rangi ikarudi. Miaka mia saba baadaye, katika miaka ya 1940, Wamisri waliuchukua mmea huo huo unaoota kando ya Nile. Fahmy na Abu-Shady walitoa ndani yake dawa ziitwazo psoraleni, na El Mofty, daktari wa ngozi wa Cairo, akawatibu nazo wagonjwa wa mbalanga. Kutoka hapo, mwaka 1974, ikazaliwa tiba ya dawa na miale inayotumika katika hospitali za ulimwengu mzima.

Lakini psoraleni hiyo hiyo ni upanga wenye ncha mbili, na hapa naomba akina mama wanisikilize. Imo katika ndimu. Wengi wetu hukamua ndimu usoni ili kuondoa madoa, kisha tukatoka juani kwenda sokoni. Jua likiikuta psoraleni ya ndimu juu ya ngozi, ngozi huungua, na baada ya siku chache hubaki mabaka meusi kuliko madoa ya kwanza. Mtu hupaka ndimu zaidi ili kuyaondoa, na mabaka huzidi. Kijana anaona uso wake umeharibika, anakwenda dukani kuuliza dawa, na dukani anapewa kikopo. Yaonekana kama kisa cha kutunga, lakini kinatokea kila wiki.

Vilevile mwarobaini. Mti huu umetoka Bara Hindi, na jina tulilouwekea linatangaza maradhi arobaini. Katika mwaka 1992 lilitolewa jaribio la India Kusini ambapo watu 814 wenye upele walipakwa majani ya mwarobaini yaliyosagwa pamoja na manjano, na katika kila mia 97 walipona ndani ya siku 3 hadi 15. Hiyo ni habari ya kufurahisha kwa mtu yeyote anayeujua upele wa bweni au wa kambi. Hata hivyo jaribio hilo halikuwa na kundi la kulinganisha lisilopakwa dawa, na kwa hiyo hatuwezi kulichukua kama hati ya mwisho. Na mwaka 1981 madaktari wa Malaysia walieleza juu ya watoto wadogo walionyweshwa mafuta ya mbegu za mwarobaini wakapata sumu ya ubongo na ini, na wengine wakafa. Cha kupaka si cha kunywesha.

Mtu atauliza: ikiwa elimu hii ilikuwepo, kwa nini haikuandikwa mapema? Sababu ni nyingi, na nyingine si za Waha. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilikuja na macho ya mgeni ambaye mara nyingi hakumtenganisha mganga wa majani na mchawi wa hirizi. Katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wengi wa Kibondo na kuwakusanya pamoja ili kuwakinga na malale. Na kuanzia mwaka 1972, katika Operesheni Kigoma, vijiji vya Buha vikahamishwa tena, mwaka ule ule ambao Warundi wakimbizi walikuwa wakimiminika kuvuka mpaka. Nia ya uhamisho ule tuiache kwa wengine kuihukumu. Lakini fikiria bibi ambaye anajua mti fulani uko nyuma ya kichuguu fulani penye mkondo fulani. Ukimhamisha mwendo wa siku moja, dawa yake imebaki nyuma ya kichuguu.

Serikali huru ilianza kulirekebisha jambo hili ilipoanzisha mwaka 1974 kitengo cha utafiti wa dawa za asili pale Muhimbili, ambacho mwaka 1991 kilifanywa kuwa Taasisi ya Dawa za Asili. Na mwaka 2002 ikatungwa sheria ya tiba asili na tiba mbadala. Na katika mkoa wenyewe wa Kigoma kilitokea kitu kidogo ambacho mimi nakipenda kuliko sheria zote hizo. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale kando ya ziwa, Michael Huffman, mtaalamu wa sokwe, alikuwa pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe, mlinzi wa hifadhi na mganga wa mitishamba. Walimwona sokwe jike mgonjwa akivunja tawi la mti mchungu ambao Watongwe huuita mjonso, akalimenya na kutafuna moyo wake. Mzee Mohamedi ndiye aliyesema kwamba ule mti ni dawa, dawa ya tumbo waitumiayo watu wa kwao. Siku ya pili sokwe alikuwa na nafuu. Habari hiyo ilipochapishwa mwaka 1989 jina la Mohamedi Seifu lilikaa juu ya makala sambamba na la mwenzake. Ndivyo inavyopasa.

Sasa, kwa msomaji anayetaka kujaribu mafuta ya mise, haya ndiyo yanayofaa kujulikana. Yapake baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, kwa kuwa mafuta hayaleti maji, huyazuia yaliyopo yasitoroke. Kwanza paka kidogo upande wa ndani wa mkono, ungoje siku moja, uone kama ngozi imewasha. Uso wenye chunusi nyingi usiupake mafuta mazito ya aina yoyote, kwani huziba vinyweleo, hata kama maabara inasema lauriki inaua bakteria. Baka lisilo na hisia, kidonda kisichopona, au weupe unaoenea, mwone daktari wala usiupake kitu. Ukoma bado upo, na dawa zake hutolewa bure.

Na usishangae ukipokea chupa kutoka Kasulu mwezi wa Julai ukasikia kwa mletaji kwamba aliyanunua yakiwa yameganda kama samli, nawe unayaona yanatiririka kama maji. Hayakuchanganywa na kitu. Mafuta ya mise huganda katika baridi ya asubuhi ya vilimani, kama nazi inavyoganda kwetu wakati wa kipupwe, na gari moshi likishuka kuja pwani huyeyuka yenyewe njiani, mahali fulani baada ya Tabora.